Jiwe Linalocheza Kimihurura

Begi langu lilifungiwa kabatini siku ya tatu tangu nifike Kigali. Aliyelifungia ni Umulisa, binti wa marehemu dada yangu, na ufunguo akautia kwenye mkoba wake wa kazini.

"Mjomba Fredi, kitanda nimenunua, godoro nimenunua, pazia nimeshona kwa mkono wangu," akasema. "Huendi tena popote."

Mimi nilikuja kupumzika wiki mbili tu. Nilimwambia hivyo kwenye simu kabla sijaja, na baba mkwe wake, Eustache, alipolisikia neno hilo alicheka hadi akavua miwani.

"Kupumzika! Mtu hana kazi tangu mwaka elfu mbili na tisa, anapumzika nini?"

Ukweli ni kwamba kutembea ndiyo kazi yangu. Nilizaliwa Karagwe, wazazi wakiwa wahamiaji kutoka huku Rwanda, na tangu nipate akili sijakaa mahali pamoja misimu miwili ya mvua. Nimekuwa utingo wa malori, nimewapikia mafundi wa barabara, nimechemsha chumvi Uvinza, nimejenga ukuta wa mapadri Ngara. Shule nayo niliichukua hivyo hivyo, darasa hapa, darasa kule. Sasa nina miaka sabini na mmoja, na nilikuwa nataka kwenda Kasese, upande wa Uganda, nikauone ule mlima wenye theluji kabla macho hayajachoka.

Lakini Umulisa alikuwa na sababu yake, nami siwezi kumlaumu. Mwaka jana niliugua malaria nikiwa Kasulu, kwenye nyumba ya wageni. Siku tisa. Walionipa uji hawakujua jina langu wala ninakotoka, na simu yangu ilikuwa imezimika. Siku ya kumi mhudumu mmoja akaichaji, akabonyeza namba ya kwanza aliyoiona, na huku Kigali mtu akapokea akaanza kulia. Tangu siku hiyo mtoto huyu akiniona na begi haniamini.

Tulibishana wiki nzima. Jioni ya Alhamisi, tukiwa mezani, nikamwambia mzee wa kufungiwa ndani ni yule asiyejiweza, mimi miguu ninayo. Akaweka kijiko chini.

"Unayo?"

"Ninayo."

"Haya. Tuwekeane dau. Unatoka hapa Kibagabaga kwa miguu, unakwenda kuyaona yale yanayoonwa na wageni: lile kuba la Convention Centre, kanisa la Sainte-Famille, barabara ya watembea kwa miguu kule mjini kati, nyumba ya Mjerumani Kandt, halafu unamalizia kwenye msikiti wa kijani Nyamirambo. Kabla ya adhana ya magharibi. Hupandi pikipiki, hupandi basi, hupandi gari la mtu. Ukifika, begi lako nakuletea palepale, uende Kasese yako. Usipofika, unakaa hapa, na begi nampa mtu."

"Na Gisozi?" nikauliza, maana nilijua kila mgeni hupelekwa huko kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari.

"Gisozi hapaendwi kwa dau, mjomba. Huko nitakupeleka mwenyewe siku nyingine, kwa heshima yake."

Nikauliza lini.

"Keshokutwa, Jumamosi. Barabara zitakuwa tupu, utatembea kwa raha zako."

Eustache akapaliwa na chai. Mimi nilidhani ni chai tu.

Huyu Eustache ndiye aliyeteuliwa kuwa shahidi. Mimi na yeye tunaitana bamwana, ndivyo wanavyoitana huku watu ambao watoto wao wameoana. Alikulia Bujumbura, akafundisha jiografia huko na huku mpaka akastaafu, ana miaka sitini na minane, tumbo la mtu aliyekula vizuri, na mwavuli mweusi ambao hauachi hata jua likiwaka. Kazi yake ilikuwa kunipiga picha kila kituo na kuangalia nisipande chombo.

Tulitoka getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukashuka Kibagabaga, tukakata Nyarutarama penye majumba yenye kuta ndefu, na njiani hapakuwa na mtu. Pikipiki za abiria tu, moto kama wanavyoziita huku, moja moja, zikikimbia kama zimechelewa mahali. Nikasema, loo, mtoto huyu ana huruma, amenichagulia siku nzuri. Eustache akasema, "Mm."

Kuba la Convention Centre tulilifikia kabla ya saa mbili. Nilikuwa nimeliona usiku kwa mbali linavyobadilisha rangi, lakini mchana nililipenda zaidi. Limekaa kilimani kama kapu kubwa lililofunikwa kichwa chini, mistari inazunguka na kuzunguka mpaka juu. Nikarudi nyuma ili Eustache anipate vizuri kwenye picha, na filimbi ikalia. Askari ng'ambo ya barabara ananionyesha miguu yangu. Nilikuwa nimekanyaga majani.

"Kigali unaweza kukanyaga mtu ukasamehewa," Eustache akasema, "majani hapana. Simama kwenye saruji, bamwana. Tabasamu. Kituo kimoja."

Sasa mimi barabara kuu huwa zinanichosha, na kutoka pale unateremka hadi bondeni ndipo upande tena Kiyovu. Nikaona kijia kinakatiza nyumba za Kimihurura, nikamwambia Eustache tufuate hicho. Hakunizuia. Tukateremka, tukakata kona, na mbele yetu watu kama sitini wamejaa kwenye mteremko, majembe mikononi, buti miguuni, na mwanamke mmoja mfupi mwenye kofia ya majani na kipaza sauti.

"Eh, wazee! Munaenda wapi? Leo iko umuganda!"

Umuganda, kwa asiyejua, ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo nchi nzima inashika jembe. Kuanzia saa mbili hadi saa tano maduka yamefungwa, magari yamesimama, kila mtu yuko nje na majirani zake anachimba mfereji au anapanda miti. Nilishausikia umuganda mara mia. Ila mimi tarehe huwa sizishiki, na mwisho wa mwezi hunipita kama katikati yake.

Nikamgeukia Eustache. "Ulijua?"

"Mimi ni shahidi," akasema. "Shahidi anaona tu."

Yule mwanamke akatusogelea. Jina lake Gahongayire, ndiye mkuu wa mtaa ule. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamka mapema kuliko wote na anajua nani hakuja.

"Iko na myaka ngapi, wazee? Kama mumepita sitini na tano, umuganda haiwahusu. Munapita, munaenda zenu, Mungu awabariki."

Eustache alikuwa ameshatoa kitambulisho. "Sitini na minane, mama. Soma hapo."

"Sawa, muzee. Na wewe?"

Ningesema tu. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye mfuko wa shati, kinasema kila kitu. Lakini nilitazama wale vijana waliosimamisha majembe wakinisubiri, nikamtazama Eustache na simu yake, nikafikiria wiki nzima niliyokaa mezani nikiapa kwamba mimi si mzee. Nikaona jioni Umulisa akiuliza, mlipitaje? Na Eustache akijibu, walimhurumia kwa uzee.

"Sitini na mitatu," nikasema.

Eustache akafungua mwavuli taratibu. "Sitini na mitatu! Hongera, bamwana. Unajitunza."

"Basi chukua kazi," Gahongayire akasema. "Saa tano unaenda."

Saa tatu nzima za dau langu zikaenda hivyo, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Walikuwa wanajenga ngazi za mawe kwenye ule mteremko, maana mvua ikinyesha watoto wa shule na akina mama wenye vikapu walikuwa wanateleza. Mawe yalikuwa yamerundikwa juu, watu wakiyashusha mkono kwa mkono. Gahongayire akaniuliza kama nimewahi kujenga.

"Nilijenga ukuta wa mapadri Ngara. Mita arobaini."

"Bado iko imesimama?"

"Sijarudi kuuangalia."

Akanitazama. "Myaka ngapi?"

"Thelathini na kitu."

"Ukajenga ukuta, haukurudi hata kuuangalia?" Akatikisa kichwa, akanipa ngazi ya nne kutoka chini na vijana wawili wa kunishikia mawe.

Nilifanya kazi. Sitaki kujisifu, lakini saa moja ya kwanza vijana wale walikuwa wananifuata mimi. Jua likapanda. Eustache alikuwa amekaa juu kwenye kiti alicholetewa na mama mmoja, mwavuli kichwani, anapiga picha.

"Bamwana, inama kidogo! Mgongo hauonekani!"

"Njoo nikuonyeshe mgongo!"

"Mimi? Mzee wa miaka sitini na minane? Hakuna huruma kwa wazee nchi hii!"

Watu wakacheka, hata Gahongayire. Jiwe la mwisho la ngazi yangu lilikuwa kubwa, la kijivu, na chini yake palihitaji vijiwe vidogo na udongo wa kushindilia polepole. Mimi nikawa natazama saa. Zimebaki dakika kumi, nikaweka jiwe, nikalipiga nyundo mara mbili, nikasimama. Gahongayire akaja akapanda ngazi zote toka chini, buti lake zito. Ya kwanza kimya. Ya pili, ya tatu kimya. Ya nne ikasema tok.

Akarudisha mguu. Tok.

"Hii inacheza."

"Nipe nusu saa, nitaitengeneza."

"Saa tano ni saa tano. Sasa iko mukutano."

Baada ya umuganda watu hukaa chini wakazungumza mambo ya mtaa: taka, maji, nani kahamia. Mgeni huambiwa asimame ajitambulishe. Nikasimama, nikasema mimi naitwa Frederick Ntare, ninapita tu. Wakanipigia makofi. Gahongayire akashika kipaza sauti, ingawa tulikuwa hatua tano toka kwake.

"Ngazi zote ziko muzuri. Ya nne peke yake inacheza, na ya nne iko na mwenyewe, ni huyu muzee kijana. Mwezi ujao atarudi aitengeneze."

Wakacheka, wakapiga makofi tena. Mwezi ujao ningekuwa Kasese, nao wasingejua hata upande gani wa kunitafuta.

Tulitoka pale saa sita kasoro dakika tano. Vituo vinne vimebaki na mlima wa Kiyovu uko mbele yetu. Kule kupanda Kiyovu mchana, kati ya majumba ya zamani na mahoteli, kila gari linalopita lina kiyoyozi, si mchezo. Nilikuwa nahisi yale mawe kwenye mabega. Eustache alikuwa anahema kama pampu, na hakushika hata kokoto moja.

"Shahidi amechoka?" nikamwuliza.

"Shahidi ana njaa."

Mimi pia. Mlangoni pa duka moja niliona ndizi, nikanunua mbili, nikamenya moja huku natembea. Eustache akanishika mkono kama nimechomoa kisu.

"Bamwana! Barabarani?"

"Nina haraka."

"Mtu mzima hali njiani. Hapa si stendi ya Kahama. Watu wanatutazama, na mimi nina wanafunzi wangu mji huu mzima."

"Nimekula njiani miaka hamsini."

"Ndiyo maana umekonda. Weka mfukoni."

Nikaiweka mfukoni, imemenywa hivyo hivyo. Ukitaka kujua namna nilivyomheshimu Eustache siku hiyo, muulize Umulisa aliyeifua ile suruali.

Kanisa la Sainte-Famille tulilifikia saa saba na robo. Ni kanisa la matofali mekundu, kubwa, la tangu enzi za mapadri wa kwanza, limekaa linatazama bonde. Eustache akanipiga picha haraka, akavua kofia, akaingia peke yake. Alikaa humo dakika kumi. Sikumharakisha wala sikumwuliza alikuwa anamwombea nani. Mimi nikakaa nje kwenye ngazi za kanisa, na bila kupanga nikajikuta nazipima kwa kisigino. Moja baada ya nyingine. Hakuna iliyocheza.

Alipotoka akanikuta nimeinama nabonyeza ya chini kwa mkono.

"Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Mm," akasema.

Ile barabara ya watembea kwa miguu mjini kati ilinifurahisha sana. Hakuna gari, wamepaka rangi chini, kuna mabenchi, vijana wamekaa na simu zao, wapenzi wamenuniana. Mtu aliyetembea maisha yote pembezoni mwa malori akifika mahali ambapo barabara yote ni yake, anajisikia kama bwana harusi. Nilitembea katikati kabisa, mikono nyuma. Eustache akanipiga picha tatu.

"Moja inatosha," nikamwambia.

"Hii nyingine ni yangu. Unafanana na mtu mwenye kazi."

Kutoka pale tukashuka kuelekea Muhima, na hapo Eustache akagoma kabisa. Akaingia nyumba ya maziwa, zile ambazo huku ziko kila mtaa, hawauzi pombe wala soda, ni maziwa tu, ya moto au ya kuganda, na andazi. Tukakaa. Nikanywa maziwa ya kuganda bilauri mbili kubwa, baridi, mazito ya kukatwa kwa kijiko. Kwenye orodha ya Umulisa mahali pale hapakuwepo, lakini ukiniuliza mimi nilichokiona Kigali, nitaanza na ile bilauri ya pili.

Nyumba ya Kandt tulifika saa tisa na nusu. Ni nyumba ya chini, ya huyo Mjerumani aliyeanzisha mji zaidi ya miaka mia iliyopita, sasa ni makumbusho. Tulipomaliza picha tu, mbingu ikafunguka. Mvua ya Kigali haianzi na manyunyu. Inamwagwa. Watu wote wakakimbilia vibarazani, pikipiki zikasimama chini ya miti, mji mzima ukanyamaza ukasubiri.

Tukasimama kwenye baraza. Maji yalikuwa yanateremka barabarani mekundu kama chai. Nilikuwa nafikiria ule mteremko wa Kimihurura. Maji yanaingia chini ya jiwe langu, yanachukua ule udongo niliotia kwa haraka. Kesho Jumapili, mama ana mtoto mgongoni anakwenda misa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tok.

"Bamwana," nikasema, "kutoka hapa mpaka Kimihurura ni saa ngapi?"

Eustache akanigeukia. Hakucheka. "Saa moja na nusu, na miguu hii. Na dau unalipoteza."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Gahongayire ameweka kijiti kwenye ngazi yako na kitambaa chekundu, watu waivuke. Nilimwona tulipokuwa tunaondoka. Wewe hukutazama nyuma."

Nikashusha pumzi. Kweli sikutazama. Huwa sitazami.

Mvua ikaisha saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Jua huku huzama saa kumi na mbili, na Nyamirambo iko mbali, tena unapanda. Tukatembea robo saa, Eustache akasimama akashika goti.

"Basi. Mimi napanda moto."

"Unanihama? Wewe si shahidi?"

"Dau ni lako, si langu. Nitakusubiri msikitini."

"Na ushahidi wa njiani?"

"Nitakuona ukifika. Nikikukuta mkavu na unapumua vizuri, nitajua." Akavaa helmeti ya abiria juu ya kofia yake, akapanda na mwavuli wake kama bunduki, akapungia mkono, akapotea.

Sasa nimebaki peke yangu, na hapo ndipo Kigali iliponijaribu. Kila hatua ishirini moto inapunguza mwendo ubavuni. "Muzee, twende?" "Muzee, iko mbali, panda!" Mmoja alinifuata mpaka nikamwambia nina ugonjwa wa moto, nikipanda natapika. Nilikuwa na pesa mfukoni. Ningepanda dakika tano, nikashuka kona ya mwisho, nikajimwagia maji ya mfereji usoni. Nani angejua?

Lakini asubuhi nilikuwa nimeshasema uongo mmoja, na ule uongo ulikuwa bado uko mabegani mwangu na viganjani, malengelenge manne. Nikaona unatosha. Nikapanda kilima.

Nyamirambo imechangamka kuliko sehemu zote. Saluni, mishikaki, muziki kila mlango, mafundi cherehani wako nje barazani, Kiswahili kila kona mpaka nikadhani nimefika kwetu. Nikapita sina nafasi ya kusalimia. Mbingu ilikuwa rangi ya papai. Nikaona mnara, nikaona kijani. Miguu ilikuwa haikunjiki tena, nilikuwa naitupa mbele mmoja mmoja kama magogo. Nilipovuka barabara, kipaza sauti cha msikiti kikakoroma, mtu akajisafisha koo. Nikagusa ukuta wa nje kwa kiganja.

"Allahu akbar," kikaanza.

Umulisa alikuwa amesimama hapo nje, begi langu mkononi. Eustache kando yake, anakula karanga, tena amesimama, tena barabarani.

"Ameshika ukuta kabla," Eustache akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Na amelowa."

Umulisa hakubisha. Alinitazama viatu, akapandisha macho mpaka kichwani. "Mjomba, mkono wako una nini?"

"Malengelenge."

"Baba mkwe amenitumia picha tangu asubuhi. Ningezitazama ofisini ningefukuzwa kazi." Akacheka, kisha akaacha. "Ungesema tu umri wako. Ungepita, saa nane ungekuwa umeshafika hapa."

"Ulijua nikitoka Jumamosi hii nitakutana na umuganda."

"Nilijua."

"Na ulijua sitasema."

"Hilo nililijua zaidi."

Mtu ukijulikana hivyo, unajisikia kama umeshikwa nguo kwa nyuma. Akanikabidhi begi. Nilipolipokea nikaona limebadilika uzito. Nikafungua palepale. Ameongeza fulana ya sufi, chaja ya simu, vidonge. Na ndani ya mfuniko ameshona kipande cha kitambaa cheupe, uzi wa bluu: *Frederick Ntare. Mkiona mgonjwa, pigeni*, na namba yake. Herufi kubwa kubwa, kama za mtoto wa shule.

"Nenda Kasese yako," akasema. "Dau ni dau." Akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo.

"Umulisa."

"Ee, mjomba."

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao ni tarehe ngapi?"

Akaacha kutafuta.

Niliondoka Jumanne asubuhi, stendi ya Nyabugogo. Yule wa tiketi aliniuliza, kwenda tu? Nikamwambia kwenda na kurudi. Sijawahi kusema maneno hayo dirishani, na kwa namna Eustache alivyokohoa nyuma yangu, naye hakuwahi kuyasikia toka kwangu. Kasese nilikaa wiki tatu. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Siku ya kumi na sita, alfajiri, ukajifungua kama dakika ishirini, mweupe kabisa juu huko, nikapiga picha nikamtumia Umulisa. Akajibu: *Umekula?*

Jumamosi ya mwisho, saa mbili kasoro, nilikuwa Kimihurura na nyundo ya kuazima. Eustache amekuja na kiti chake mwenyewe. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kipo.

Gahongayire akanisogelea na kipaza sauti kwapani.

"Muzee kijana. Iko na myaka ngapi leo?"

"Sabini na mmoja."

"Mwezi uliopita ilikuwa sitini na mitatu."

"Ni barabara ya Kasese, mama. Mbovu sana."

Akacheka mpaka akaegemea jembe la mtu. "Basi umuganda haikuhusu. Nenda kakae na mwenzako pale."

"Nimekuja kwa jiwe langu."

Akanipisha. Nikaling'oa, nikachimba chini mpaka penye udongo mgumu, nikapanga vijiwe kimoja kimoja, nikashindilia bila kutazama saa. Ilinichukua asubuhi nzima. Saa tano kasoro, Eustache akashuka na mwavuli wake, akapanda ngazi toka chini na tumbo lake lote. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama, akaruka kidogo, akaruka tena.

Kimya.

"Sasa?" akaniuliza akiwa bado amesimama juu yake. Alijua begi langu liko kitandani Kibagabaga, wazi, nguo nusu ndani nusu nje.

"Sasa nafikiria kwenda Ngara," nikamwambia. "Siku nne, tano. Kuna ukuta nataka kuuangalia."